Joto linanikamata Mwaloni, nimeshameza dozi tatu za malaria

Shikamoo Shangazi,

Pokea shikamoo yangu hata kama umri wetu unakaribiana, maana nami nina miaka 49 na wajukuu wawili. Nafanya biashara ya dagaa Kirumba Mwaloni, huu mwaka wa kumi na tisa. Nanunua wanaotoka visiwani, wakija na unyevu nawaanika upya, nafunga magunia. Wateja wangu wengi wanatoka Kongo.

Ilianza mwaka jana mwezi wa saba. Niko nahesabu hela ya mteja, noti za elfu kumi kumi, nikasikia moto unapanda kutoka kifuani, shingoni, mpaka masikioni. Jasho likadondokea noti. Nikapoteza hesabu, nikaanza upya, nikapoteza tena. Mteja akaniuliza, "Mama, unaumwa?" Baada ya dakika chache moto ukaisha, nikabaki nasikia baridi kama mtu aliyetoka kuoga ziwani alfajiri. Tangu siku hiyo unanijia mara tano, mara saba kwa siku, na usiku ndiyo balaa. Naamka shuka limelowa.

Nikaenda duka la dawa. Mara ya kwanza nilipimwa, kipimo hakikuonyesha kitu, lakini yule kijana akasema kuna malaria inajificha, akanipa dawa mseto. Tangu Januari nimemeza dozi tatu. Mbili za mwisho sikupima kabisa.

Siku zangu nazo zimevurugika. Zilikuwa hazikosei hata tarehe. Sasa inapita miezi miwili, mitatu, halafu zinakuja kwa fujo, siku tisa, pedi haitoshi naongeza kitambaa. Wifi yangu anasema hilo ni jini, niende nikasomewe. Jirani yangu wa meza kaniuzia unga wa kusafisha kizazi, elfu sitini, nachanganya kwenye uji. Mwingine ameniambia nitumie shabu ili mume wangu asinikimbie.

Maana na huko nako kumeharibika, Shangazi. Mimi usiku nafungua dirisha, mume wangu anafunga kwa sababu ya mbu. Sasa amehamia sebuleni. Tukikutana naumia kama napigwa msasa (mara mbili hivi niliona na damu kidogo baadaye, ila ilikatika yenyewe), kwa hiyo nimekuwa mtu wa visingizio. Juzi kaniuliza kama nina mtu mwingine. Niliumia sana.

Nimempigia mama yangu simu, yuko Kwimba, huko nilikokulia tukichota maji lamboni na kulima mpunga. Akacheka, akasema, "Mayu, umeshakuwa mtu mzima," akaniuliza bei ya dagaa.

Nauliza: huu ni ugonjwa gani? Naweza bado kupata mimba? Nimesikia kuna vidonge vya homoni ila vinaleta saratani. Binti yangu anatumia vidonge vya majira, naweza kumega vyake? Na kama ni kwenda hospitali, niende lini? Kwenye dagaa hatupumziki mpaka mbalamwezi.

Mama wa Mwaloni, Mwanza

* * *

Marahaba, mama mwenzangu. Nina miaka 63, kwa hiyo shikamoo yako nimeipokea kihalali.

Barua yako nimeisoma mara mbili. Mara ya kwanza nilifuata habari ya joto, kama ulivyotaka. Mara ya pili nikasimama kwenye mabano. Umeandika kwamba mara mbili uliona damu baada ya kukutana na mumeo, ukaifunga kwenye mabano na kuendelea na safari. Nimekuwa mkunga miaka mingi, na hivyo ndivyo wanawake wanavyotueleza jambo zito: anakusimulia kichwa, mgongo na usingizi, halafu akiwa ameshashika mlango anasema, "Ila kuna kadamu kidogo." Basi naanza na hicho kidogo.

Damu baada ya tendo la ndoa inaweza kutokana na ukavu tu, ngozi ya ndani ikiwa imekuwa nyembamba ikachubuka. Lakini hiyo ndiyo sababu tunayoikubali mwisho, zikishaondolewa nyingine. Ya kwanza ya kuondoa ni saratani ya mlango wa kizazi, inayoongoza kwa saratani za wanawake hapa Tanzania, na ambayo ikikutwa bado ni mabadiliko ya awali hutibika vizuri. Kwa anayekwenda kuchunguzwa akiwa mzima, tunapaka siki nyepesi kwenye mlango wa kizazi na kutazama kama kuna sehemu inayogeuka nyeupe. Ni dakika chache, hakuna kisu. Wewe una dalili, kwa hiyo hiyo siki peke yake haitoshi. Tena kwa umri wetu mlango wa kizazi huanza kuingia ndani, macho yakashindwa kufika panapotakiwa. Mwambie daktari maneno haya haya: "Natoka damu baada ya tendo." Atakuchunguza kwa kifaa, na akiona haja atachukua kinyama kidogo au kipimo cha HPV, kirusi kinacholeta saratani hiyo.

Kuna jambo jingine ambalo daktari aliyesomea mbali na huku anaweza asiliulize. Umesema umekulia Kwimba, lamboni na majarubani. Watu wengi wakisikia kichocho wanafikiria ziwani, na kweli ziwani kipo, kile cha tumbo. Kile cha mkojo, ambacho mayai yake hukaa hata kwenye mlango wa kizazi na ukeni, tunakipata zaidi kwenye malambo, madimbwi na majaruba ya mpunga kule ndani. Mwanamke anaweza kuwa alikipata akiwa mtoto, na leo, mtu mzima, akatoka damu na kuumia wakati wa tendo, akadhaniwa ana magonjwa ya zinaa. Ukiingia kwa daktari sema ulikokulia. Dawa yake ni prazikwanteli, ile ile wanayopewa wanafunzi shuleni. Inaua minyoo yenyewe, ingawa makovu yaliyokwisha kutokea yanaweza kubaki.

Na zile siku tisa za damu ya fujo nazo zisichukuliwe poa. Katika umri huu mzunguko kuvurugika ni kawaida, lakini kuloanisha pedi na kitambaa juu yake kunahitaji kupimwa wingi wa damu na kupigwa picha ya kizazi ya utrasaundi, kwa sababu uvimbe wa kizazi ni wa kawaida mno kwetu, na ukuta wa ndani wa kizazi unaweza kuwa umenenepa. Mwanamke akizoea kupungukiwa damu husema tu "nachoka siku hizi." Kipimo cha mimba nacho ukubali wakikuambia, usicheke. Nitarudi huko.

Sasa joto.

Ulichonisimulia, moto kuanzia kifuani kupanda shingoni, jasho, halafu baridi, vyote ndani ya dakika chache, na siku zako zikirukaruka, kinafanana kabisa na mpito wa kuelekea kukoma hedhi. Jini halihusiki hapo. Tunasema hedhi imekoma pale mwanamke anapopitisha miezi 12 mfululizo bila damu, na wengi hufika hapo kati ya miaka 45 na 55. Wewe hujafika, uko njiani, na njiani ndiko kwenye matuta. Mayai yanaelekea kwisha, homoni ya estrojeni inapanda na kushuka bila mpangilio, na ile sehemu ya ubongo inayolinda joto la mwili inakuwa na wasiwasi kupita kiasi. Joto likiongezeka hata kidogo sana, ubongo unaamini unaungua: unafungua mishipa ya ngozi, unamwaga jasho. Ukishapoa kupita kiasi ndipo unatetemeka.

Nunua kipimajoto cha kwapani, hakina bei kubwa kama ule unga wa elfu sitini. Moto ukipanda, kiweke. Mara nyingi utakuta 36 na pointi, au 37. Homa ya malaria haiishi kwa dakika tano, na kipimajoto huionyesha. Lakini hapa kwetu Kanda ya Ziwa malaria ipo kweli, kwa hiyo siku ukipata homa inayodumu, pima, na kipimo kikisema huna, amini. Hiyo ya kujificha ni biashara ya duka. Nisikulaumu sana lakini: joto lilipoanza kunipata mimi, mkunga mzima, nilikwenda kupima taifodi mara mbili. Ninayoyafundisha wengine sikuyaona shingoni mwangu.

Daktari akitaka kukupima tezi ya shingo, sukari, presha na virusi vya UKIMWI, mkubalie, kwa sababu tezi ikifanya kazi kupita kiasi huleta joto na mapigo ya moyo kama haya. Na kama jasho la usiku linakuja pamoja na kikohozi cha wiki mbili au kupungua uzito, sema, upimwe kifua kikuu.

Utaniuliza litaisha lini. Kuna utafiti mkubwa wa Marekani uliowafuata wanawake miaka mingi, majibu yake yakatoka 2015: nusu ya waliosumbuliwa na joto la mara kwa mara, liliwadumu zaidi ya miaka 7, na walioanza wakiwa bado wanaona siku zao ndio waliosumbuka muda mrefu zaidi. Sikuambii ili uogope. Nakuambia kwa sababu wanawake wengi wanashauriwa wavumilie litapita, kana kwamba ni wiki mbili. Miaka saba bila usingizi huku unahesabu hela za watu si jambo la kuvumilia kama lina dawa. Na kusahau hesabu kwako hakumaanishi akili inaondoka. Mtu asiyelala husahau, na homoni zikiyumba zinaongeza.

Dawa yenye nguvu kuliko zote kwa joto hili ni hiyo hiyo ya homoni uliyosikia inaleta saratani. Ngoja nikueleze ilikotoka hofu hiyo. Mwaka 2002 utafiti wa Marekani uitwao Women's Health Initiative ulisimamisha sehemu yake moja kabla ya muda. Katika wanawake 10,000 waliotumia vidonge vya homoni mbili, estrojeni na projestojeni, waliopata saratani ya matiti kwa mwaka walikuwa 38. Kwa waliomeza vidonge bandia walikuwa 30. Nane zaidi. Dunia nzima ikatupa vidonge. Kilichosahaulika ni kwamba wastani wa umri wa wanawake wale ulikuwa miaka 63, umri wangu mimi, si wako. Uchambuzi uliofuata ulionyesha kwamba kwa mwanamke wa chini ya miaka 60, au ambaye haijapita miaka 10 tangu hedhi ikome, akiwa mzima na anasumbuliwa na joto, faida kwa kawaida huzidi hatari. Hatari haipo sifuri. Ipo ndogo, na unaijadili na daktari.

Wasioruhusiwa ni pamoja na aliyewahi kuugua saratani ya matiti, aliyewahi kuganda damu mguuni au mapafuni, aliyepata kiharusi, mwenye ini bovu, na yule anayetoka damu ambayo haijajulikana inatoka wapi. Umejiona hapo mwishoni? Ndiyo maana nilianza na mabano yako. Hakuna daktari makini atakayekuandikia homoni kabla ya kujua ile damu ni ya nini. Na ukija kuandikiwa, kwa kuwa kizazi unacho, lazima ziwe mbili. Estrojeni peke yake hunenepesha ukuta wa kizazi na inaweza kuleta saratani humo. Zipo za kumeza, za kubandika kwenye ngozi na za jeli. Za ngozi zina hatari ndogo ya kugandisha damu kuliko za kumeza. Si kila duka la dawa linazo, kwa hiyo uliza bei kabla hujaanza, usije ukaanza na kukatiza kila mwezi. Kama una bima, uliza pia inalipa zipi.

Vidonge vya binti yako mwachie binti yako. Homoni zake ni za kuzuia mimba, zina nguvu zaidi ya hizi za tiba, na kwa mwanamke wa miaka 49, hasa mwenye presha au anayevuta sigara, zinaweza kugandisha damu.

Asiyetaka homoni au asiyeruhusiwa hajafungiwa mlango. Kuna dawa za kundi la kutibu sonona, kama venlafaksini na paroksetini, ambazo kwa dozi ndogo hupunguza joto. Ukiandikiwa usidhani umeitwa kichaa. Kuna gabapentini, inayosaidia hasa wanaoamshwa usiku, ingawa huleta usingizi. Kuna oksibutinini, dawa ya kibofu. Na tangu 2023 Marekani imeidhinisha dawa mpya isiyo homoni, fezolinetanti, inayokwenda moja kwa moja kwenye kile kipimajoto cha ubongoni. Usihangaike kuitafuta kabla ya kujaribu za kawaida. Kama uzito umezidi, kupungua kidogo husaidia. Kanga ya pamba, chai iliyopoa, kukaa mbali na jiko la kukaangia, feni ndogo mezani, haya yanakupitisha saa, hayatibu.

Ule unga, acha. Hakuna kinachohitaji kusafishwa humo, kizazi si sufuria. Hujui kilichomo, na mchana ukimeza dawa za hospitali hujui vitagombana vipi. Na shabu, mama, nakuomba. Shabu, ndimu, ugoro na vitu vya kufukiza vinakausha na kuchubua pale pale panapouma. Anayekushauri shabu kwa uke mkavu ni kama anayekushauri chumvi kwenye kidonda.

Ukavu una tofauti moja na joto: joto hatimaye hupungua, ukavu hauondoki wenyewe, na mara nyingi huzidi. Huja na mkojo wa mara kwa mara na UTI za kujirudia, ambazo wanawake wa umri wetu wanamezeshwa antibayotiki mwaka mzima. Kwa kukutana, tumieni jeli ya kulainisha ya maji, inauzwa famasi. Mafuta ya kupikia na Vaseline yaacheni, na kama mnatumia kondomu yanaipasua. Kisha ipo krimu au kidonge cha kuweka ukeni chenye estrojeni kidogo sana, inayofanya kazi palepale na kuingia mwilini kwa kiasi kidogo mno. Nimeona wanawake waliolala vyumba tofauti miaka miwili wakirudiana kwa sababu ya krimu hiyo. Nayo inasubiri majibu ya damu.

Mimba: ndiyo, unaweza kupata. Mwanamke wa chini ya miaka 50 anaendelea kujikinga mpaka ipite miaka miwili tangu hedhi ya mwisho. Aliyefikisha 50, mwaka mmoja. Nimemzalisha bibi aliyedhani ana uvimbe.

Mifupa nayo huanza kupoteza madini kwa kasi miaka hii. Hapo umebahatika: dagaa analiwa mzima na miba yake, na miba ndiyo kalsiamu yenyewe. Kula unachouza. Tembea, pata jua, pima presha kila unapopata nafasi.

Nimemwacha mumeo mwisho lakini ndiye anayekuumiza zaidi, nimeliona hilo. Alipokuuliza kama una mtu mwingine, hakuwa na habari nyingine ya kumwelezea anachokiona: mke anayetoa visingizio, anayefungua dirisha usiku, anayejifunika na kujifunua. Mwambie kabla ya hospitali, si kitandani na si mkiwa mmekasirika. Mkae nje jioni, umwambie hivi: "Baba, mwili wangu umeingia kwenye kukoma hedhi. Joto linanishika, na tukikutana naumia, nilikuwa naona aibu kukwambia. Nakwenda kupima, nataka twende wote." Wanaume wengi wakipewa jina la tatizo na kazi ya kufanya hutulia. Mpe kazi: atundike chandarua kizuri ili dirisha likae wazi, na kila mtu awe na shuka lake. Akirudi kutoka sebuleni kwa sababu ya chandarua tu, si haba.

Kama huzuni itazidi mpaka ukaona hakuna maana ya kuishi, usingoje ratiba yoyote, nenda siku hiyo hiyo na umwambie mtu wa karibu.

Hospitali unaweza kuanzia Sekou Toure, uombe kliniki ya magonjwa ya wanawake. Wakiona haja ya vipimo vikubwa watakuandikia kwenda Bugando, ambako kitengo cha saratani kipo. Beba kadaftari ulikoandika tarehe za hedhi tangu mwaka jana, siku ulizoona damu baada ya tendo, na majina ya dawa zote ulizomeza, pamoja na zile dozi tatu. Na ule unga ubebe na pakiti yake.

Umeniuliza uende lini. Wiki ijayo mbalamwezi, taa za wavuvi hazina kazi, mitumbwi ya dagaa itakuwa imepumzika mchangani na Mwaloni patakuwa pakavu. Nenda Jumatatu asubuhi, ukiwa huna damu ya hedhi, na mumeo abebe daftari.